Uende na vifaa vyako au utumie vya mteja? Mwongozo kwa mkandarasi wa kujitegemea

Umepata kazi, mteja anataka uifanyie ofisini kwake au kwenye eneo la mradi wake, na kabla ya siku ya kwanza linazuka swali: uje na vifaa vyako, au utavikuta huko? Wengi hulijibu kwa mazoea. Mwenye laptopu nzuri huibeba, asiye nayo hungoja apewe. Lakini nyuma ya swali hilo kuna mambo matatu yasiyohusu ubora wa mashine hata kidogo: nani atabeba hasara ikiharibika, data ya nani itakaa ndani yake, na nani ana mamlaka ya kukuambia uitumie vipi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kifaa kinachobeba ujuzi wako, njoo nacho. Kifaa kinachobeba siri za mteja, akupe yeye. Kinachobeba vyote viwili, kama laptopu, ndicho chenye utata, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inakihusu. Kuna mpango mmoja tu ninaoukataa moja kwa moja: wewe ununue mashine, uitengeneze, uikatie bima, halafu mteja awe na uwezo wa kuifunga au kuifuta akiwa mbali. Hapo umebeba gharama za mwenye mali na haki zake umemwachia mwingine.

Hatua ya 1: Gawa vifaa kabla ya kujibu lolote

Andika kila utakachokigusa katika kazi hiyo, hadi chaja na flashi. Kisha kijaribu kila kimoja kwa swali hili: kikipotea usiku wa leo, nani atakosa usingizi? Kama ni wewe peke yako, kwa sababu ya bei yake, hiyo ni zana. Kama mteja naye atahaha, hicho ni chombo cha data, hata kama ulikinunua kwa fedha yako.

Zana ziende nawe. Kamera ya mpiga picha, multimita ya fundi umeme, maikrofoni ya mtayarishaji wa sauti, drili ya seremala: mkono umezizoea na kasoro zake unazijua. Kwa vifaa vya kupimia kuna sababu ya ziada. Ukitumia kipimo cha mteja ambacho hakijahakikiwa kwa miaka, majibu yakitoka ya uongo, saini iliyo chini ya ripoti ni yako. Njoo na kipimo chako na cheti chake cha uhakiki, au mwombe mteja cheti cha kile chake kabla hujaanza kuandika namba.

Mgawanyo huu mara nyingine hupita katikati ya kifaa kimoja. Mpiga picha anayeingia kiwandani anaweza kuja na kamera na lenzi zake, lakini kadi ya kumbukumbu ikanunuliwa na mteja na kubaki pale pale kazi ikiisha. Mtafiti anayehoji watu anaweza kutumia kinasa sauti chake, ilimradi faili zihamie kwenye diski ya mteja kila jioni na kinasa kibaki kitupu. Ukizoea kutazama vifaa kwa namna hii, ubishi mwingi unamalizika mapema.

Kundi la tatu ni la usalama wa mwili. Viatu, helmeti, miwani na glovu zinazokutosha ni zako. Kiatu cha kuazima kisichokaa mguuni ni ajali inayosubiri siku. Majukwaa, ngazi ndefu na mitambo ya kunyanyulia mizigo mwachie mwenye eneo, maana rekodi za ukaguzi wake ziko kwake na ndiye atakayeulizwa. Ukileta ngazi yako, umejitwisha swali ambalo halikuwa lako.

Hatua ya 2: Angalia kifaa kinasema nini kuhusu hadhi yako

Jambo hili wakandarasi wengi hulisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu wa kodi, na kwa kawaida wakati huo wamechelewa. Sheria za kazi na za kodi katika nchi nyingi hutaka kujua kama wewe ni mkandarasi kweli au ni mwajiriwa aliyevishwa jina la mkandarasi, na mojawapo ya dalili zinazotazamwa ni nani ametoa vifaa. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Na. 198 la mwaka 2006 kuhusu uhusiano wa ajira, limeitaja waziwazi: anayeitaka kazi akiwa ndiye anayetoa zana, malighafi na mashine, hiyo ni dalili ya ajira. Mamlaka ya kodi ya Marekani iliiweka katika orodha yake ya vigezo 20 iliyotolewa mwaka 1987.

Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1968 ambayo wanasheria wa kazi bado huirejea. Dereva alikuwa akibeba zege kwa ajili ya kampuni. Lori lilipakwa rangi za kampuni, naye alitakiwa kuvaa sare zake. Ukimwona barabarani ungesema ni mwajiriwa bila kusita. Hata hivyo jaji aliamua kuwa ni mkandarasi: lori alilinunua yeye kwa mkopo, gharama za kuliendesha na kulitengeneza alizibeba yeye, na aliruhusiwa kuweka dereva mwingine badala yake. Aliyebeba hatari ya mali alihesabiwa mfanyabiashara, hata akiwa ndani ya sare ya mwingine.

Usiitafsiri kesi hiyo kupita kiasi. Kifaa ni dalili moja kati ya nyingi, na hazilingani uzito. Mtaalamu wa usalama wa mifumo anayetumia laptopu ya benki kwa sababu benki hairuhusu mashine ya nje hageuki mwajiriwa kwa hilo tu. Kinachotia shaka ni mkusanyiko: laptopu yao, kiti chao, saa zao za kuingia na kutoka, meneja wao anayekupangia kila asubuhi, na mteja huyo huyo mmoja mwaka mzima. Ukijiona kwenye picha hiyo, laptopu yako haitakuokoa, na ni heri ukae na mtu wa kodi wa nchi unayofanyia kazi. Pengine utagundua kwamba unadai haki za mwajiriwa ambazo hukuwahi kulipwa.

La kufanya hapa ni dogo. Ukikubali kutumia kifaa cha mteja, sababu iandikwe: ni kwa ajili ya usalama wa taarifa, na vifaa vingine vyote vya kazi ni vyako. Mstari mmoja kwenye mkataba unatosha.

Hatua ya 3: Zungumza na watu wa TEHAMA, usiishie kwa aliyekupa kazi

Meneja aliyekutafuta atakuambia, "Wewe njoo na laptopu yako tu, haina shida." Si yeye anayefungua mlango wa mtandao. Ukifika, waifai inakukataa, seva haikutambui, na siku ya kwanza inaishia kwenye kiti cha mapokezi. Mwombe akuunganishe na mtu wa TEHAMA angalau wiki moja kabla, umuulize haya: mashine ya nje inaruhusiwa kwenye mtandao upi? Kuna programu ya ulinzi ambayo ni lazima niiweke? Flashi zinaruhusiwa? Nikihitaji mfumo wenu wa ndani, nitaufikia kwa njia gani? Nani ataniundia akaunti, na itakuwa tayari lini?

Ukikutana na ukali wao, usiwaone wanajikweza. Mwishoni mwa 2013 kampuni ya maduka ya Target nchini Marekani iliibiwa taarifa za kadi za malipo zipatazo milioni 40, na wavamizi walianzia kwenye nywila zilizoibwa kutoka kwa kampuni ya nje iliyokuwa ikishughulikia mitambo ya ubaridi na hewa. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya LastPass, kampuni ya kutunzia nywila. Huko walilenga kompyuta ya nyumbani ya mhandisi mmoja, wakapenyea kwenye programu ya burudani iliyokuwa na kasoro, wakapandikiza kinasa vibonye, yaani programu inayorekodi kila kinachoandikwa kwenye kibodi, na kuipata nywila yake kuu. Katika visa vyote viwili mlango uliovunjwa ulikuwa nje ya uzio wa kampuni iliyoumia. Nazo flashi zina sifa yao mbaya tangu 2010, kirusi cha Stuxnet kilipogunduliwa: kiliundwa kiweze kuhamia kwa flashi hadi kwenye kompyuta za viwandani zisizounganishwa na intaneti.

Majibu yao kwa kawaida yataangukia mojawapo ya njia nne.

Ya kwanza, wakupe mashine yao. Kwa kazi inayogusa rekodi za wagonjwa, akaunti za fedha au taarifa binafsi za wateja, hii ndiyo bora, na ningeichagua hata kama mashine yenyewe ni nzito na inasuasua. Data ikivuja, uchunguzi unaanzia kwao. Ikivuja kutoka kwenye laptopu yako, uchunguzi unaanzia sebuleni kwako.

Ya pili, utumie laptopu yako kama dirisha tu: unafungua kompyuta pepe iliyo kwenye seva yao, unafanya kazi humo ndani, na hakuna faili linaloshuka kwako. Kwa watu wa programu, uhasibu na uchambuzi wa data, huu ndio usuluhishi mzuri kuliko yote. Pima kwanza kama intaneti ya eneo hilo inaihimili. Kompyuta pepe inayokwama kila dakika inachosha kuliko kutokuwa na kompyuta.

Ya tatu, utumie mashine yako kwenye mtandao wa wageni, mbali kabisa na mifumo yao ya ndani. Inamtosha mbunifu wa picha, mwandishi, mkufunzi, na yeyote anayeleta kazi iliyokamilika bila kuhitaji kuingia kwenye mifumo.

Ya nne ndiyo ile niliyoitaja mwanzoni: mashine yako isajiliwe kwenye mfumo wao wa usimamizi wa vifaa. Soma kwa makini ruhusa inayoombwa. Mifumo mingine hutenga eneo la kazi peke yake, na kinachoweza kufutwa ni humo tu; kwa simu hilo linavumilika. Mingine hushika kifaa kizima, na amri moja kutoka kwa msimamizi wa mfumo inafuta picha zako, hesabu zako na kazi za wateja wako wengine watatu. Wakilazimisha hilo, waambie wakupe kifaa chao, au ununue mashine ya pili kwa ajili yao na gharama yake iingie kwenye bei. Laptopu yako kuu usiisajili.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kifaa, kisha ndipo utaje bei

Mteja anapofurahi kwamba unakuja na vifaa vyako, anafurahia akiba. Akiba hiyo inatoka mfukoni mwako, kwa hiyo ijue ukubwa wake.

Tuseme vifaa vyako vilikugharimu 3,600 kwa fedha yoyote unayotumia, na vitakufaa kwa miaka 3. Mkandarasi halipwi kila siku ya mwaka. Chukua siku 150 zenye malipo. Miaka 3 ni siku 450, na 3,600 gawa kwa 450 ni 8 kwa siku. Ongeza leseni za programu, bima na matengenezo, tuseme 600 kwa mwaka, ambayo ni 4 kwa siku. Ongeza mashine ya akiba ya 900 kwa miaka hiyo mitatu, yaani 2 kwa siku. Jumla ni 14 kila siku unayofanya kazi, kabla hujajilipa chochote. Weka namba zako mwenyewe. Watu wengi wakifanya hesabu hii hugundua kwamba siku zenye malipo ni chache kuliko walivyodhani, na hapo gharama ya siku inapanda.

Mteja akisema, "Basi tutakupa laptopu yetu, utupunguzie," usiikate 14 yote. Laptopu yako itazeeka ikiwa kabatini vilevile, na leseni za mwaka umeshalipia. Unachookoa kweli ni uchakavu wa matumizi na sehemu ya hatari ya kupotea. Punguza kidogo kama unataka kumridhisha, lakini ujue unampa zawadi.

Kwa vifaa vya gharama kubwa, kama kamera za sinema, droni za upimaji au mashine za kukatia, usiviyeyushe ndani ya ujira. Viandike kwenye mstari wake wa ankara kama malipo ya kukodisha kifaa kwa siku. Mteja ataona wazi kwamba anapata vitu viwili, mtu na mashine, na siku akikuhitaji bila mashine mtajua pa kuanzia mazungumzo.

Hatua ya 5: Soma bima yako upya

Bima ya vitu vya nyumbani mara nyingi haigusi kifaa kinachotumika kibiashara nje ya nyumba. Bima ya mteja kwa kawaida inalinda mali ya mteja. Kati ya hizo mbili kuna pengo, na laptopu yako imekaa hapo katikati.

Tafuta bima ya vifaa vya kazi inayotaja safari na maeneo ya watu wengine. Tazama vipengele viwili ambavyo ndivyo huvunja madai mengi: kifaa kilichoachwa ndani ya gari lisilo na mtu, na kama fidia ni bei ya kununua kipya au thamani ya kifaa kilivyochakaa. Bima ya dhima ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni ya madhara unayomsababishia mteja au mtu wa tatu, kama drili yako ikitoboa bomba la maji au programu yako ikiangusha mfumo. Ukileta zana zako unazihitaji zote mbili.

Hatua ya 6: Viandike kwenye mkataba

Makubaliano ya mdomo kuhusu vifaa hudumu hadi siku kikipotea kimoja. Huhitaji kurasa nyingi. Vifungu kama hivi vinatosha kuanzia, na mwanasheria anaweza kuvinyoosha kulingana na sheria za mahali:

"Mkandarasi atatumia vifaa vyake vilivyoorodheshwa katika Kiambatisho A. Vifaa hivyo ni mali yake wakati wote."

"Mteja atatoa vifaa vilivyoorodheshwa katika Kiambatisho B kwa sababu za usalama wa taarifa. Vikichelewa au vikiharibika bila kosa la Mkandarasi, siku zinazopotea zitalipwa kama siku za kazi."

"Kifaa cha Mkandarasi kikiharibika kwa sababu ya hitilafu ya umeme, moto, maji au uzembe katika eneo la Mteja, Mteja atakilipia."

"Mteja hatasakinisha programu ya usimamizi au ufuatiliaji kwenye kifaa cha Mkandarasi bila idhini ya maandishi."

"Ndani ya siku 14 baada ya kazi kuisha, Mkandarasi atafuta data yote ya Mteja kwenye vifaa vyake na kuthibitisha hivyo kwa maandishi, isipokuwa kumbukumbu anazotakiwa na sheria kuzitunza."

Kifungu cha pili ndicho ninachokipigania kuliko vyote. Kungoja laptopu ya mteja ni kazi isiyolipwa ya kawaida kabisa katika fani hii: fomu inasafiri kutoka idara hadi idara, nawe umeshakataa kazi nyingine kwa ajili ya wiki hiyo. Wengine watakigomea. Wakigoma, pendekeza nusu ya ujira kwa siku za kungoja. Wengi hukubali hapo, na ghafla laptopu huanza kupatikana kwa wakati.

Weka pia sentensi kuhusu umiliki wa kazi. Katika mikataba mingi kazi unayomtengenezea mteja ni yake akishalipa, lakini maktaba zako za msimbo, violezo na mbinu ulizokuja nazo zibaki zako. Ukiziunda upya ndani ya mashine ya mteja, kwa saa za mteja, utapata taabu kuthibitisha kwamba zilikuwepo kabla. Zitaje kwa majina na tarehe kwenye kiambatisho.

Hatua ya 7: Andaa mashine yako

Kama mmekubaliana utumie yako, kiasi cha chini kabisa ni usimbaji wa diski nzima, yaani data kufungwa kwa msimbo isisomeke bila ufunguo. Windows ina BitLocker katika matoleo yake ya kibiashara, macOS ina FileVault, na Linux hutumia LUKS. Washa sasa, kabla data ya kwanza haijaingia. Sababu utaiona kwenye hatua ya mwisho. Ufunguo wa kuokolea uuhifadhi mahali pengine, nje ya mashine hiyo hiyo.

Fungua akaunti tofauti ya mtumiaji kwa ajili ya mteja huyu, yenye kivinjari chake na nywila zake. Inazuia mengi, pamoja na aibu ya kuunganisha laptopu kwenye projekta ukumbini na ujumbe wa mteja mwingine ukajitokeza kwenye skrini, na jina lake, na kiasi anachodaiwa.

Kisha zima nakala rudufu za kujiendesha kwenye akaunti hiyo. Ushauri huu unapingana na kila tulichofundishwa kuhusu kutunza nakala, lakini fikiria: laptopu yako imewekwa kupeleka kila folda kwenye hifadhi yako ya mtandaoni, simu yako inapandisha kila picha unayopiga, pamoja na ile ya ubao wa mkutano uliojaa mipango ya mteja. Bila kubofya chochote umehamisha siri zake kwenda kwenye seva ambazo hakuziidhinisha, pengine katika nchi nyingine. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inamtaka mhusika mkuu wa data, yaani anayeamua data itumike kwa lengo gani na vipi, kwa kawaida aiarifu mamlaka ndani ya saa 72 tangu ajue kuna uvujaji, na anayechakata data kwa niaba yake amjulishe bila kuchelewa. Mteja wa namna hiyo hatakuwa na subira na mkandarasi asiyejua faili ziko wapi. Nakala zitunzwe mahali mlipokubaliana.

Kagua pia leseni za programu zako. Leseni ya mwanafunzi au ya matumizi ya nyumbani mara nyingi hairuhusu kazi ya kulipwa, na kampuni kubwa hazipendi kugundua kwamba kazi yao imetengenezwa kwa programu isiyo halali. Vilevile leseni ya mteja usiisakinishe kwenye mashine yako bila ruhusa, hata kama wamekutumia nywila kwa moyo mweupe.

Hatua ya 8: Safari na siku ya kwanza

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika namba ya utambulisho ya kila kifaa, piga picha, tunza risiti. Getini, omba mlinzi aviandike kwenye daftari lake unapoingia, akupe kipande cha karatasi au stakabadhi. Kuingia na kifaa hakuna anayekuuliza. Ni wakati wa kutoka nacho ndipo utakapotakiwa kuthibitisha kuwa ni chako, na saa hiyo meneja wako ameshaondoka.

Ukisafiri kwa ndege, betri za lithiamu za akiba hukaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Zisizozidi saa-wati 100 (kipimo cha nishati ya betri, Wh) kwa kawaida hupita bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Ukivuka mpaka na vifaa vingi vya kitaaluma, ulizia hati ya forodha iitwayo ATA Carnet: katika nchi zilizo kwenye mfumo huo unaingiza vifaa kwa muda bila kulipa ushuru, mradi virudi vyote. Bila hiyo, ofisa wa forodha anaweza kudhani umekuja kuuza.

Umeme nao uangaliwe. Nchi nyingine hutumia volti kati ya 100 na 127, nyingine kati ya 220 na 240. Chaja nyingi za kisasa hukubali zote, na huandikwa hivyo mgongoni. Drili na grainda hazina ustaarabu huo. Baadhi ya maeneo ya ujenzi huruhusu zana za betri au za volti ndogo tu, na mengine hutaka kila zana ya umeme iwe na lebo ya ukaguzi wa karibuni. Uliza kabla ya kupakia.

Hatua ya 9: Ukipewa kifaa cha mteja

Kipige picha unapokipokea, hasa kona na skrini, na umtumie aliyekukabidhi siku hiyo hiyo. Usiingie kwenye barua pepe yako binafsi humo, wala benki yako, wala kazi ya mteja mwingine hata kwa dakika tano. Chukulia kwamba kila kinachofanyika kwenye mashine hiyo kinaweza kutazamwa, maana mara nyingi kinatazamwa, na mkataba wako na mteja wa pili haukuruhusu siri zake zipite hapo.

Kibodi na kipanya chako unaweza kuomba kuvileta. Mkono unaoandika saa nane kwa siku una haki ya kuchagua. Visivyotumia programu maalumu hukubalika mara nyingi. Wakikataa, usibishane.

Hatua ya 10: Kuondoka

Kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakuondoi data. Kwenye diski za SSD hata kuandika juu yake hakuna uhakika, kwa kuwa diski yenyewe huhamisha data kati ya seli bila mfumo wa kompyuta kujua. Ndiyo maana usimbaji ulitangulia: data iliyosimbwa tangu mwanzo inapotea kwa kuharibu ufunguo wake, na njia hiyo inatambuliwa katika mwongozo Na. 800-88 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Kama ulitumia mashine ya pekee kwa mteja huyu, iweke upya yote. Kama ni akaunti tu ndani ya laptopu yako kuu, ifute akaunti hiyo na folda zake, kisha pitia simu, hifadhi ya mtandaoni na barua pepe, ambako viambatisho hujificha kwa miaka.

Ujumbe wa kuthibitisha uwe mfupi: nini kimefutwa, kwenye vifaa gani, tarehe gani, na nini umebakiza kwa ajili ya kodi. Waombe nao wafunge akaunti zako zote. Akaunti ya mkandarasi aliyeondoka inayobaki wazi ni hatari kwao na kwako. Ikitumiwa vibaya mwaka kesho, jina kwenye rekodi ni lako.

Vifaa vyao virudishe kwa hati ya makabidhiano yenye namba za utambulisho na saini mbili, nakala moja ibaki kwako. Na kama bado wanakudai ukamilishe, au wewe unawadai ankara, usiishikilie laptopu yao kama rehani. Kishawishi huwa kikubwa, hasa kwa mteja mgumu wa kulipa, lakini kukaa na mali yenye data yake kunaweza kukugeuza wewe mwenye kudai kuwa mwenye kudaiwa. Rudisha kifaa, chukua saini, kisha dai fedha zako kwa barua na kwa njia za kisheria.